Hesabu za université zishuke mpaka kwa mchimbaji

Kwetu Nyamitaba watu wengi wanasema matematiki ni kitu ya bamwalimu na ya watoto wenye kulipiwa minerval. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema hapana. Mchimbaji anafanya hesabu kila siku, na pale hesabu inamshinda ndipo anaibiwa.

Tuchukue mfano. Kikundi kinaleta kilo 40 za koltani. Kama teneur ni asilimia 30, ndani muko kilo 12 za okside ya tantali. Mnunuzi akisema mashine yake imesoma 25, zinabaki kilo 10. Kilo 2 zimepotea kwa neno moja tu, na hakuna mtu aliyegusa mizani. Tena ile teneur inapimwa ku mchanga kidogo, haipimwe ku mfuko muzima. Kama mfuko haukuchanganywa vizuri, ule mchanga kidogo hausemi ukweli. Ku université jambo hili liko na jina: statistiki. Wanafunzi wanalisoma miaka, lakini shina lake mchimbaji anaweza kulielewa kwa nusu saa, kama anaelezewa kwa lugha yake.

Inchi zingine zimeshaelewa kwamba milango ya wasomi inapaswa kufunguka. London, ku Royal Institution, masomo ya Noeli kwa vijana yalianza mwaka 1825. Mwaka 1978 Christopher Zeeman, profesa wa université ya Warwick, aliyatoa juu ya matematiki, mara ya kwanza kwa somo hilo. Kutokea pale yakazaliwa mafundisho ya siku ya posho kwa watoto wa shule. Paris nako, mwezi wa 9 mwaka 2023, Institut Henri Poincaré ilifungua Maison Poincaré, makumbusho ya matematiki ambamo wazazi wanaingia pamoja na watoto wao. Na tangu 2019 UNESCO imeweka tarehe 14 ya mwezi wa 3 kuwa siku ya matematiki ya dunia yote.

Mtu asituambie kwamba hiyo ni mambo ya wazungu. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua ku Ishango, pale mto Semliki unatoka ndani ya ziwa Edouard, mfupa mudogo wenye alama za kukatwa. Ishango iko hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Mfupa uko na miaka karibu 20.000, na leo unalindwa Bruxelles. Ku mstari mumoja alama ziko 11, 13, 17 na 19. Ukizijumlisha unapata 60. Ku mstari mwengine ziko 11, 21, 19 na 9. Zinafika tena 60. Wasomi wangali wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema alama zilisaidia mkono usiteleze.

Mabishano hayo hayatuzuie kufundisha. Mupatie mutoto maharagi 12, mumuambie ayapange mistari sawasawa: atapata 3 mara 4, ao 2 mara 6. Mumuongezee moja, zikuwe 13: hata apange mpaka jioni, haitawezekana, isipokuwa mstari mumoja tu. Ndivyo ziko zile namba 11, 13, 17 na 19. Maharagi ya Masisi yanatosha kwa somo hilo, na baba na mama wanaweza kukaa hapo hapo wakijifunza.

Kwa hiyo tunaomba Université de Goma na ISP mambo matatu. Kwanza, kila tarehe 14 ya mwezi wa 3, milango ifunguliwe kwa familia, bila malipo, na kwa Kiswahili. Pili, wanafunzi wa mwisho wapande mpaka huku kwetu, na mizani na mifuko ikuwe vitabu vyao. Tatu, wamama wenye kuosha mchanga waalikwe kama wengine, maana nao wanalipwa kwa kilo.

Tunajua barabara ni mbaya na vita vinafunga njia. Wakati zinafunguka, malori ya madini yanapita ya kwanza. Mwalimu mumoja na ubao wake hawawezi kukosa nafasi ndani ya lori yenye kurudi.