Gitaa Lisiumize Mkono

Kwenye mazoezi ya kwaya naona wapiga gitaa wakifika kwenye akodi ya F wanakunja uso. Kidole cha shahada kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita, basi wanabana shingo ya gitaa kama wanakamua mawese. Na mkono huo huo kesho unavuta nyavu za ndagala Rumonge, ama unashika jembe. Ukivimba, nyumba nzima inajua.

Nguvu siyo dawa. Laza kidole kwa ubavu, upande wenye mfupa, karibu kabisa na kile chuma; ukikaa mbali nacho uzi unalia kama nyuki hata ubane vipi. Dole gumba likae nyuma ya shingo, katikati, bila kukumbatia. Halafu vuta kwa uzito wa mkono, toka kwenye kiwiko.

Anayeanza aache kwanza nyuzi mbili nene, asizipige. Shahada ishike mbili nyembamba tu, cha kati na cha pete vikamate mbili zinazofuata. Hiyo ni F kamili, na hakuna wa kukucheka. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alichapa nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na shahada!

Wimbo ukipanda sauti, funga penseli kwa mpira juu ya nyuzi, ifanye kazi ya kidole. Nyuzi za waya wa breki ya baiskeli zinakata, zilegeze kidogo. Dakika tano, pumzika. Kidole kikifa ganzi, gitaa liegemee ukuta siku mbili tatu. Isipoisha, twende zahanati.