Mzigo wa Mwenzio, Kifungo Chako

Wazee wenzetu na vijana wetu, leo twapenda kueleza jambo moja lihusulo bangi ambalo wengi katika mwambao huu, tangu Bunju hadi Bagamoyo na Saadani, hawalijui. Uharamu wa ulevi katika dini yetu si mgeni kwa msomaji. Watoto huusoma vyuoni tangu wakiwa wadogo. Lisilosomwa chuoni wala kusemwa majumbani ni hukumu ya nchi.

Sheria itumikayo Tanzania Bara ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, ambayo Bunge liliirekebisha na kuikaza mwaka 2017. Bangi imo ndani yake pamoja na heroini, kokeini na mirungi. Avutaye ana kosa. Akutwaye nayo mfukoni, hata kidogo, ana kosa, ingawa hukumu ya kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe ni nyepesi kuliko nyingine. Aliyekutwa katika nyumba ya wavutaji aweza kushitakiwa, na mwenye nyumba aliyeridhia chumba chake kitumike hivyo, naye yumo.

Lakini neno zito kupita yote ni "kusafirisha". Kijana alisikiapo hudhani latajwa kwa matajiri wenye majahazi wavukao mipaka. Sheria imelipa maana pana: kuuza, kununua, kumpa mtu, kuhifadhi, kuchukua na kupeleka, yote ni kusafirisha. Basi kijana wa bodaboda apewaye kiroba Msata akifikishe Bagamoyo kwa ujira wa shilingi elfu chache, na rafiki aliyekubali kuficha begi la mwenziwe chini ya kitanda, wote wawili huweza kusimama kizimbani kwa shitaka hilo hilo. Kusema "sikujua kilichomo" ni rahisi kinywani, bali kuthibitisha ni kazi ngumu.

Jani likamatwapo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na uzito wake ndio uamuao kifungu cha mashitaka. Kwa msafirishaji, uzito usiozidi kiwango kilichowekwa na sheria kifungo chake ni miaka 30. Ukizidi hapo, ni kifungo cha maisha. Tufikiri miaka 30 ni nini. Kijana aliyehukumiwa akiwa na miaka 20, hajaoa wala hajajenga, yamngoja hadi mvi. Mama aliyemwacha na miaka 45 atakuwa na miaka 75, kama Mungu amemweka.

Wako wasemao, mbona Kanada wameruhusu tangu mwaka 2018, na Ujerumani tangu mwaka 2024? Ni kweli, tena kwa masharti. Lakini hakimu wetu hahukumu kwa sheria ya Kanada. Hata Zanzibar, tunakovuka kwa jahazi, ina sheria yake mbali, nako pia bangi ni kosa.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 ana hifadhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza asihukumiwe kifungo cha gerezani, na shauri lake husikizwa katika Mahakama ya Watoto. Siku atimizapo miaka 18 hifadhi hiyo yamwondokea. Yatupasa basi maneno ya baba na mama yaitangulie siku hiyo, yasemwe kwa upole, na sheria yenyewe itajwe wazi. Na mzazi aliyegundua mwanawe amekwisha zoea, asimfiche kwa kuona haya. Ampeleke hospitali angali nyumbani, kabla hajachukuliwa na askari.

Nanyi vijana, mtu akikupa mzigo, uliza kilichomo, na ukifunguliwe mbele yako. Akikataa, mrudishie. Siku ya hukumu yako mahakamani, mwenye mzigo hatakuwapo.