Neno "Risasi" Lina Mengi Tusiyoyafundisha

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, na kwamba mambo ya ufundi sharti yaelezwe kwa Kiingereza. Naipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu nitautoa mahali pasipotarajiwa: katika bunduki kuukuu za karne ya 19.

Tuanze na neno lenyewe. Risasi tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako hutaja madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Kamusi zetu zingali zinatoa maana mbili: madini hayo, na kile kitokacho mtutuni. Uhusiano huo si wa sadfa. Katika enzi ya baruti nyeusi, ulaini wa madini hayo ndio ulioifanya bunduki ilenge shabaha.

Ndani ya mtutu wa bunduki bora huchongwa mifuo iliyozunguka mfano wa parafujo, ili risasi itoke ikijizungusha na kushika njia iliyonyooka. Lakini risasi haizunguki isipoibana mifuo hiyo. Na ikiwa inaibana, askari anayeishindilia kupitia mdomo wa mtutu ataifikishaje chini, hasa mtutu ukiwa umejaa masizi? Katika miaka ya 1840, Mfaransa Claude-Étienne Minié alilifumbua fumbo hilo. Aliifanya risasi iwe na kipenyo kidogo kuliko cha mtutu, na kitako chake kiwe na shimo. Baruti ilipolipuka, gesi ilikitanua kitako, nacho kikaing'ang'ania mifuo. Madini magumu yasingetii hivyo.

Baadaye zikaja bunduki za kupakiwa kwa nyuma, ambazo risasi, baruti na fataki viliwekwa pamoja katika ganda moja. Martini-Henry, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 11.4. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi, ikisukumwa na gramu 5.5 za baruti. Madini yake yalichanganywa na bati kidogo, kisha risasi ikazungushiwa karatasi ili isiupake mtutu madini.

Mbona risasi nene kiasi hicho? Baruti nyeusi haikuweza kuipa risasi kasi kubwa. Aliyetaka nguvu zaidi alilazimika kuongeza uzito. Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyo na moshi mwingi mwaka 1884, kasi iliongezeka na kipenyo kikapungua. Bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ilikuwa ya milimita 8 tu, na risasi yake ilivishwa koti la metali ngumu zaidi, kwani madini laini yasingeistahimili kasi hiyo mpya.

Msomaji atauliza: haya yatufaa nini? Yatufaa sana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki zenye mifuo katika eneo kubwa la Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo, ila kwa ruhusa maalumu. Ulilegeza kamba kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na kwa baruti ya kawaida. Hivyo basi, mchoro wa ndani ya mtutu uligeuzwa kuwa sheria, na sheria hiyo ikawa mojawapo ya nyenzo za kututawala. Mwanafunzi asiyejua kazi ya mifuo ataukariri mkataba huo bila kuuelewa.

Nimeyaeleza haya yote kwa mtutu, mfuo, kitako, ganda, fataki, kipenyo na baruti. Maneno hayo yamo kamusini, na wazee wetu, waliolitenga gobori na bunduki nyinginezo, hawakungoja kamati iwaundie istilahi. Upungufu, kwa maoni yangu, haumo katika lugha bali katika ratiba zetu, ambamo mwalimu wa fizikia, wa historia na wa Kiswahili hawakutani ila wakati wa chai. Wakae pamoja walifundishe neno moja tu, risasi, kwa kipindi kizima. Wanafunzi wao wataondoka na masomo matatu.