Mama Aliyemfuata Mumewe Hadi Mto Ruiki

Wasomaji wetu wa Songea na Mbinga wanaifahamu Liuli, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, meli ya Waingereza iliyoitwa Guendolen ilifika pale na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Tena yeye na yule nahodha Mwingereza walikuwa marafiki wa siku nyingi!

Tumeanza na Liuli kwa sababu mambo ya namna hiyo, meli za vita katika maziwa yetu, ndiyo yaliyozaa sinema mojawapo mashuhuri kuliko zote za zamani, “The African Queen” ya mwaka 1951. Hadithi yake ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester kilichochapishwa mwaka 1935. Inasimulia habari za Rose Sayer, dada wa mmisionari katika koloni la Wajerumani, yaani nchi yetu hii. Askari wanachoma kijiji, kaka yake anafariki, naye anaondoka na mwenye mashua mmoja mlevi, Charlie Allnut, kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani. Sisi wa Ruvuma hatuhitaji kuelezwa misheni iliyoungua inafananaje. Peramiho ilichomwa mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, na baadaye vijiji vya babu zetu vikachomwa na Wajerumani, njaa ikafuata.

Sinema yenyewe haikupigwa Tanganyika. Mwongozaji wake, John Huston, alichagua mto Ruiki katika Kongo ya Wabelgiji, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison huko Uganda. Rose aliigizwa na Katharine Hepburn, na Charlie na Humphrey Bogart. Yule kaka mmisionari, Robert Morley, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Sehemu zake zilipigwa Uingereza, na huku akatumika mtu mwingine wa kufanana naye kwa mbali.

Lakini mtu tuliyetaka kumzungumzia hasa haonekani katika sinema hiyo. Ni mke wa Bogart, Lauren Bacall. Naye alikuwa mwigizaji maarufu, ila safari hii alikuja kama mke tu. Alikuwa na umri wa miaka 26, mumewe 51. Nyumbani California walimwacha mtoto wao wa pekee, Stephen, mwenye miaka miwili na miezi kadhaa, mikononi mwa yaya.

Siku ya kuondoka, yaya alimpeleka mtoto uwanja wa ndege kuwaaga wazazi. Ndege ilipokuwa ikipaa, yaya huyo, akiwa bado amempakata mtoto, alipatwa na kiharusi akaanguka. Hakupona. Habari zikamfikia mama akiwa tayari yuko safarini. Jamani, hapo ungefanya nini? Mtoto hakuumia, lakini alikuwa ameangukiwa na mtu aliyemzoea kuliko wote. Bacall alizungumza na nyumbani kwa simu, mama yake mzazi akakubali kwenda kumlea mjukuu, naye akaendelea na safari pamoja na mumewe. Tumelijadili jambo hili baina yetu na hatukukubaliana. Wengine walisema mke ni pale alipo mumewe, na bibi mzaa mama si mgeni kwa mtoto. Wengine walisema mtoto wa miaka miwili hajui hoja hizo, anajua tu kwamba mama hayupo.

Kambini hakukaa bure. Alisaidia kupika, na alisaidia kuuguza wagonjwa, nao walikuwa wengi. Malaria na kuhara viliwapitia karibu wote. Hepburn, aliyechukia ulevi wa Bogart na Huston, alikunywa maji tu kwa ukaidi, na maji hayo ndiyo yaliyomlaza. Katika ile sehemu anapopiga kinanda kanisani, ndoo ya kutapikia ilikuwa karibu naye, mahali ambapo kamera haikufika. Wale wanaume wawili waliokunywa wiski hawakuugua, nao wakajisifu sana. (Mama anayejua kuchemsha maji asingehitaji wiski yao.) Siafu nao walivamia kambi, na mashua iliyoipa sinema jina lake ikazama mtoni, ikabidi ivutwe juu kwa kamba.

Huston alikuwa na jicho. Aliona Hepburn anamwigiza Rose kwa uso mkavu mno, akamwendea na kumwambia amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alipowatembelea askari majeruhi akiwa na tabasamu usoni. Hepburn alisema baadaye kwamba hakuwahi kupewa shauri zuri kama hilo. Ukiitazama sinema, liangalie tabasamu hilo. Sehemu ya ruba ilipigwa London ndani ya tangi. Bogart alikataa ruba wa kweli, wakamwekea wa mpira.

Na ile meli ya Wajerumani? Katika sinema inalipuka na kuzama. Husemwa kwamba mfano wake ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikabeba abiria kwa miaka mingi sana kwa jina la Liemba.

Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 1952, ndiyo pekee aliyoipata maishani. Mwaka huohuo wakajaliwa binti, Leslie. Saratani ya umio ilimwua Januari 1957, mkewe akimuuguza nyumbani hadi mwisho. Stephen alikuwa ametimiza miaka minane siku nane tu kabla. Mwaka 1995, akiwa mtu mzima, alitoa kitabu juu ya baba yake, na habari za safari ile ya Afrika na yaya aliyeanguka zimo ndani yake.