Deni Liende Mwendo wa Mali: Biashara ya Chakula Mhunze

Mji wa Mhunze, ulio makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, haukujaaliwa mvua nyingi, walakini umejaaliwa jambo ambalo mfanyabiashara wa chakula hana budi kulishukuru, nalo ni kukaa baina ya watu walimao na watu wasiolima. Upande mmoja yako mashamba ya mtama, viazi vitamu, choroko, alizeti na pamba. Upande wa pili, kuanzia Maganzo na Mwadui, ambako almasi imechimbwa tangu John Williamson alipoigundua mwaka 1940, hadi machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, Kahama na Geita, wako maelfu ya watu waingiao kazini alfajiri, ambao chakula chao cha kutwa sharti kipikwe na mtu mwingine. Juu ya haja hiyo imesimama tijara ambayo aghalabu imo mikononi mwa kinamama, na ambayo mtaji wake, mara nyingi, ni wa kukopa.

Tijara hiyo ina matabaka mawili. La kwanza ni la mama lishe, wauzao chai na maandazi asubuhi, na adhuhuri ugali au wali kwa maharage, dagaa na sato wa Ziwa Victoria. Mali yao huzunguka kwa siku moja: unga ulionunuliwa jioni huwa fedha kesho yake kabla ya jua kuchwa. La pili ni la wasindikaji: watengenezao michembe kwa kukata viazi vibichi na kuvianika, na matobolwa kwa kuvichemsha kwanza, wasagao mtama kuwa unga wa uji, na wakamuao alizeti, ambao huuza mafuta kwa walaji na mashudu kwa wafugaji. Hawa mali yao huzunguka kwa msimu, kwani hununua mavuno baina ya Mei na Julai, wakati bei iko chini, na faida yao hukomaa miezi mingi baadaye, maghala ya wakulima yanapopungua.

Tofauti hiyo ndiyo yenye kuamua ni nani atakayenyanyuliwa na mkopo na ni nani atakayeangushwa nao. Wengi huuliza kwanza kiasi cha fedha, kisha riba, ilhali swali lipasalo kutangulia ni hili: je, mali itarudi kabla deni halijadaiwa?

Tuanze na chimbuko la kwanza la mikopo, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo watu wengi huviita VICOBA. Asili ya utaratibu huu ni nchi ya Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, kisha ukaenea Afrika nzima. Wanachama hununua hisa kila wakutanapo, fedha hutunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na kwa desturi ya vikundi vingi mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Riba waitozayo huwarudia wenyewe kama gawio mwisho wa mzunguko. Kwa mama lishe utaratibu huu unafaa mno, kwa kuwa apataye fedha kila siku hashindwi kurejesha kila juma. Kwa msindikaji hautoshi, maana wakati autakao mtaji mkubwa ndio wenziwe nao wautakao, na sanduku moja haliwezi kuwaridhisha wote kwa siku moja.

Chimbuko la pili ni halmashauri. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisitisha Aprili 2023 ili kurekebisha kasoro za utoaji wake, ikarejeshwa mwaka 2024. Fedha hii ndiyo imfaayo mwenye kutaka mashine ya kusaga au ya kukamua, kwa sababu haizai riba. Lakini fedha isiyozaa riba nayo yaweza kuleta hasara ikichelewa: kikundi kilichoomba mtaji wa alizeti kikiupata Novemba, hukuta mbegu zimekwisha kununuliwa na wengine, na zilizobaki zimepanda bei.

Chimbuko la tatu ni wakopeshaji binafsi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wawe na leseni, na Benki Kuu ikaweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Tufanye hesabu: mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi sita, riba ikihesabiwa juu ya fedha yote, hudai shilingi 210,000 zaidi. Mama lishe mwenye wateja wa kudumu aweza kuubeba. Nje ya sheria hiyo ndiko iliko mikopo ambayo wananchi wameiita kausha damu, yenye riba ipitayo mbali kikomo hicho na marejesho yanayoanza juma la kwanza. Msindikaji akiingia humo, viazi vyake vingali juani, hulazimika kuuza upesi kwa bei ya mavuno, naye hupoteza ile tofauti ya bei ambayo kwa ajili yake alikopa.

Fauka ya hayo, mama lishe wa machimboni ni mkopeshaji yeye mwenyewe. Wachimbaji wa duara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hawapati fedha mpaka mawe yapite kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na mgao ufanyike. Kabla ya hapo hula kwa mali kauli. Mama huyo akiwa amekopa fedha idaiwayo kila juma, naye amewakopesha watu ambao riziki yao haina tarehe, amekwisha kujiweka baina ya mioto miwili, hata kama chungu chake huisha kila siku. Daftari la wadaiwa na kikomo cha kukopesha kisichovukwa ni sehemu ya mtaji sawa na unga na mafuta.

Ipo pia njia ya kukua. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania, lakini jiko la mgodi halinunui mafuta yasiyothibitishwa. Usajili wa bidhaa za chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hufundisha usindikaji na ufungashaji. Gharama hizo ziingizwe katika hesabu ya mkopo tangu mwanzo, zisiachwe zile faida baadaye.

Kwa hiyo insafu yataka mambo mawili. Halmashauri ikamilishe utoaji wa mikopo ya usindikaji kabla ya Mei, na marejesho yaanze baada ya mauzo. Na mkopaji, kabla ya kutia saini, aandike tarehe ambayo mali yake itarudi, ailinganishe na tarehe ya rejesho la kwanza. Rejesho likitangulia, aombe mkataba ubadilishwe, na usipobadilishwa auache.