Hasira, Haraka na Maradhi ya Moyo

Katika lugha yetu, moyo ni kiungo kinachosukuma damu, na ni moyo huohuo unaoingia chuki, ukavunjika, ukaliwazika. Matabibu walikawia kuziunganisha maana hizo mbili.

Mwaka 1959, madaktari Meyer Friedman na Ray Rosenman wa San Francisco, Marekani, walieleza hulka waliyoiita "aina A": mtu wa haraka, mpenda kushindana, mwepesi wa hasira. Friedman husimuliwa kuwa alipomwita fundi abadilishe vitambaa vya viti vya wagonjwa wake, fundi alistaajabu kuviona vimechakaa ukingoni tu, kama kwamba waliovikalia walikuwa tayari kuondoka. Madaktari hao wakafuatilia wanaume zaidi ya 3,000 kwa miaka minane na nusu. Wa aina A waliugua moyo takriban mara mbili ya wenzao.

Hata hivyo tusiharakishe nasi. Wanaume haohao walipoangaliwa baada ya miaka 22, aina A haikuonekana kuwazidishia vifo vya moyo. Ikabainika pia kwamba kampuni za tumbaku zilifadhili tafiti za namna hii. Ziliona nafuu lawama ikihama kutoka kwenye sigara.

Kilichosalia na uzito zaidi si haraka ya kazi, bali uhasama wa kudumu, ghadhabu na sonona. Mtu anapoghadhibika, mwili humwaga adrenalini, moyo hudunda na shinikizo la damu hupanda. Penye mshipa uliokwisha kujaa mafuta, utando unaweza kupasuka, damu ikaganda na kuziba njia.

Sonona ndiyo tunayoighafilikia majumbani. Mzee ametoka hospitali baada ya shambulio la moyo. Hali vizuri, hazungumzi, wajukuu hawamchekeshi tena. Sisi husema, "Mashallah, siku hizi amekuwa na subira." Huenda si subira. Sonona baada ya shambulio huongeza hatari ya kufa, nayo ina tiba. Basi daktari aelezwe ukimya huo kama anavyoelezwa maumivu.

Wala baba mkali asiachiwe ati "atapoa". Kifua kikimbana, jasho likamtoka, maumivu yakapanda shingoni au mkononi, apelekwe hospitali saa ileile. Na aliyejifunza kuituliza hasira yake asiache vidonge vyake vya presha.