Rejesho la Kumi na Tatu

Mwalimu wa Kibondo anayetaka kumalizia nyumba yake mara nyingi hukopa kwa dhamana ya mshahara, si ya hati ya kiwanja, na rejesho hukatwa kila mwezi kabla hajaishika fedha. Marekani na Kanada wengi hulipwa kila wiki mbili, ndiyo maana huko mwenye mkopo wa nyumba anaweza kulipa nusu ya rejesho kila baada ya siku 14. Husemwa kwamba deni huisha haraka. Tupige hesabu.

Tuseme mkopo ni shilingi 20,000,000 kwa miaka 5, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Kwenye HP-12C, kikokotoo cha fedha cha tangu 1981, ingiza miezi 60 kwenye n, riba ya mwezi 1.5 kwenye i, mkopo 20,000,000 kwenye PV, kisha bonyeza PMT, yaani rejesho. Inatoka -507,869. Alama ya kutoa isikutishe: mkopo uliingia mfukoni, rejesho linatoka.

Nusu yake ni 253,934. Kwenye riba ndipo wengi hujikwaa, wakaigawa 1.5 kwa mbili. Mwaka una vipindi 26 vya wiki mbili, si 24. Pandisha 1.015 kwa kipeo cha 12/26, toa 1, upate asilimia 0.6895. Ingiza hiyo kwenye i, -253,934 kwenye PMT, ubonyeze n: vipindi 114 badala ya 130. Deni limeisha zaidi ya miezi 7 mapema, na riba imepungua kwa kama 1,500,000.

Lakini ukilipa nusu hiyohiyo mara mbili kwa mwezi, unaokoa kama 180,000 tu. Kumbe siri haiko kwenye wiki. Nusu 26 ni marejesho 13 kamili, na hilo la kumi na tatu ndilo linalokula deni. Basi mwalimu wetu akilipa 550,191 kila mwezi, yaani rejesho na sehemu ya kumi na mbili juu yake, atamaliza mwezi wa 53, mradi theluthi moja ya mshahara ibaki kama sheria inavyotaka. Mkulima wa kahawa wa Kasulu anaweza kulitoa rejesho hilo la kumi na tatu zima baada ya mauzo.

Ila soma mkataba kwanza. Wako wakopeshaji wanaotoza ada ukilipa mapema. Na kama riba imepigwa mara moja kwenye mkopo wote, asilimia 18 ileile ni 18,000,000 kwa miaka 5, badala ya takriban 10,470,000, na kuwahi kulipa huenda kusikupunguzie hata senti.